Inafika Ngapi?

Pikipiki kubwa zikisimama Mtito Andei kuweka mafuta, swali huwa moja tu. Mtoto wa shule, mama wa ndizi, vijana wa steji, wote: "Boss, hii inafika ngapi?" Jamaa wa Nairobi anavua helmeti, jasho linamtiririka, anataja namba. Watu wanapiga mbinja. Sijawahi kusikia mtu akiuliza inasimama baada ya mita ngapi.

Namba hizo nazijua kwa sababu ndizo zinanilisha. Karo iliponishinda mwaka wa pili, niliacha fizikia chuoni nikarudi nyumbani, na sasa naandikia wateja wa ng'ambo makala za kulinganisha pikipiki. Nalipwa kwa neno. "Hayabusa" ni neno moja, bahati mbaya.

Suzuki waliitoa mwaka wa 1999 ikapita kilomita 300 kwa saa, hadi watengenezaji wakaelewana kimyakimya kukomea 299. Hayabusa ni kozi kwa Kijapani, yule ndege anayewinda ndege wenzake. Mtito Andei nayo, kwa Kikamba, ni msitu wa tai wala mizoga. Kozi anapita mbio, tai wako hapa hapa wanangoja.

Weka Hayabusa kando ya Yamaha R1. Ya kwanza ina injini ya sisi 1,340, ya pili 998. Ukiziachilia pamoja, zote zinafika mia kwa sekunde kama tatu, kwa hivyo huo ubishi wa steji hauna maana. Tofauti iko kwenye mwili. Hayabusa ni nzito, kilo 260 na kitu, na kati ya gurudumu la mbele na la nyuma kuna karibu mita moja na nusu. Inanyooka kama reli. R1 ni fupi na nyepesi: unasukuma mkono wa kulia kidogo, inalala kulia. (Ndiyo, unasukuma upande unaotaka kwenda. Mwambie mtu wa Boxer hivyo atakucheka, na yeye mwenyewe anafanya hivyo kila siku bila kujua.)

Sasa zilete barabara yetu. Kutoka hapa kwenda Manyani ni mnyoofu, na mnyoofu unadanganya. Trela ikikupita upande wa pili, upepo wake unakupiga kifuani kama kofi. Ndovu wamejengewa njia za kupita chini ya reli ya SGR, lakini wakitoka hapo lami bado inawangoja. Kwa kilomita 200 kwa saa unasafiri mita 55 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka, mita 55 zimeenda na hujagusa breki. Na ukiongeza mwendo mara mbili, breki zinahitaji nafasi mara nne. Gia ya kwanza ya R1 peke yake inapita 110, mwisho wa sheria kwa gari dogo barabara kuu. Zile gia tano zingine sijui ni za nani.

Nayaandika haya kwa sababu ya binamu yangu. Ana Boxer, inalisha watu wanne, susu wetu akiwemo. Kuna mtu Mombasa anauza R6 kuukuu, na binamu anataka kuuza Boxer aongezee pesa za chama.

"Prof," akaniuliza (ananiita hivyo tangu niache chuo), "R6 na R1, gani moto?"

"Na abiria utambeba wapi?"

"Si nimekuuliza swali?"

Nikamjibu basi. R1 ni kali zaidi, ila R6 kwenye kona ni tamu, ni sisi 599 zinazotaka kulia juu kabisa kwenye revu ndipo ziamke. Nikamwona macho yanang'aa. Nilitaka kuongeza mambo ya susu nikanyamaza, maana anayajua kuniliko. Ndiye humpeleka kliniki.

Jumamosi tunashuka Mombasa na treni kuiangalia. Nimemwambia kabla hajaiwasha ainame asome namba nne za mwisho pembeni ya tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Kama mwaka ni wa zamani, tunakula biriani tunarudi. Amekubali. Lakini jana nimemkuta anauliza bei ya helmeti.