Tulipanda Nyumbu Msituni, Mama Akauliza Swali

 Sisi ni majirani zenu wa zamani. Tulikaa Nyarugusu miaka 20, tangu 1996 mpaka 2016, na sasa tuko Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani. Tunajua kwamba Januari 2025 safari za wakimbizi kuja huku zilisimamishwa, na wengine wenu mlikuwa mmeshafunga mizigo. Kwa hiyo hatuandiki ili kuwatamanisha. Tunaandika kwa sababu Mama ametuambia, "Waandikieni wale wenzangu tuliokuwa tunakwenda nao kuni."

Habari yenyewe ni ya msitu na nyumbu. Hapa hatusemi nyumbu wa Serengeti, wale wa makundi makubwa. Huyu ni mtoto wa punda dume na farasi jike. Ana nguvu ya mama yake na masikio ya baba yake, na kwa kawaida yeye mwenyewe hazai. Watu humwita mkaidi. Lakini waliomzoea wanasema si ukaidi: akiona mahali hapafai kukanyaga, anasimama, na hata umpige vipi hasogei mpaka aridhike. Ndiyo maana katika njia za milimani watu humwamini kuliko farasi.

Kaskazini mwa Arizona, kama saa tatu na nusu kwa gari kutoka kwetu, kuna bonde linaitwa Grand Canyon. Jamani, kulieleza ni kazi! Urefu wake ni kilomita 446, na mahali penye upana mkubwa ni kilomita 29 kutoka ukingo hadi ukingo. Mahali penye kina kikubwa ni zaidi ya mita 1,600, na ukisimama juu, Mto Colorado unaonekana kama uzi. Ukingo wa kusini uko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ni baridi, na umejaa msitu wa misonobari. Tangu mwisho wa miaka ya 1800 wageni hupandishwa nyumbu pale, wakiongozwa na mtu anayeijua njia. Wengine huteremka mpaka chini mtoni na kulala huko. Wengine hupita juu tu, msituni, kando ya ukingo, kama kilomita 6 kwa saa mbili. Sisi tulitaka hii ya juu.

Mara ya kwanza tulikwenda mwaka 2019. Masharti tuliyasomea palepale: usizidi kilo fulani, watoto wadogo hawapandi, na kila mpandaji lazima aelewe vizuri Kiingereza. Sababu ni ya maana. Mwongozaji akisema "simama" au "vuta hatamu", hakuna muda wa kutafsiriwa ukiwa kando ya shimo la namna ile. Sisi watoto tungeweza kupanda, lakini Mama hapana. Akasema, "Nendeni, mimi nitawasubiri kwenye benchi." Tukakataa. Tukatazama bonde, tukala mikate yetu, tukarudi sote.

Njiani Mama hakusema kitu. Wiki iliyofuata akajiandikisha masomo ya jioni ya Kiingereza. Mchana anafua mashuka hotelini, jioni anakwenda na daftari lake kama mtoto wa darasa la kwanza. Kule kambini alikuwa amekataa madarasa, akisema kichwa cha mtu mzima ni mtungi uliojaa. Kumbe mtungi ulikuwa na nafasi! Ilimchukua miaka minne.

Oktoba 2023 tukarudi. Tulichanga miezi mingi, maana si bei ya mchezo. Mwongozaji alikuwa mzee mwenye kofia pana. Akatupa maagizo: msiachane, nyumbu wa nyuma amfuate wa mbele kwa karibu, kofia ikianguka, iacheni, nyumbu akitembea ukingoni msiogope, anajua miguu yake. Kisha akamgeukia Mama na kumwuliza kama ameelewa. Mama akajibu kwa Kiingereza, neno kwa neno, akayarudia maagizo yote. Yule mzee akacheka akasema huyu ndiye atakayekaa nyuma yangu.

Basi tukaingia msituni. Harufu ya utomvu, jua linapenya kidogokidogo, kwato zinagonga mawe. Sisi tulikuwa tunafurahi, lakini tukamwona Mama amekaa wima, anatazama kulia na kushoto katikati ya miti. Tukajua. Mama ana misitu miwili moyoni. Wa kwanza ni ule wa 1996, tulipokimbia kutoka upande wa Fizi kwenda ziwani, yeye mbele na sisi nyuma, amemziba mdogo wetu mdomo asilie. Wa pili ni ule wa nje ya kambi, mlioujua pamoja, mnapokwenda kuni kwa kundi huku kila mmoja anahesabu wenzake. Huu wa tatu ndio wa kwanza aliouingia bila kuwa na haja, na akiwa na mtu wa kumwongoza.

Mahali fulani tulisimama kuangalia bonde. Mwongozaji akaeleza habari ya mawe, kwamba yale ya juu yana miaka kama milioni 270. Akauliza nani ana swali. Mama akanyosha mkono. Tukashangaa. Akauliza kwa Kiingereza chake: "Watu waliokuwa wanakaa hapa, walikwenda wapi?"

Yule mzee alivua kofia kwanza. Akatuambia habari za Wahavasupai, na baadaye tulizisoma wenyewe. Hao walilima mahindi, maharage na maboga chini bondeni wakati wa joto, na majira ya baridi walipanda huku juu kuwinda. Hata njia maarufu ya nyumbu inayoteremka mtoni, mwanzo wake ni njia yao ya miguu. Mwaka 1882 serikali iliwabakizia eka 518 tu. Mwaka 1919 bonde likafanywa hifadhi ya taifa, na mwaka 1928 mtu wao wa mwisho aliyekuwa analima bustani kando ya njia ile akaondolewa. Walidai bila kuchoka. Mwaka 1975 wakarudishiwa eka zipatazo 185,000, na Novemba 2022 ile bustani ikapewa jina lao rasmi. Kijiji chao, Supai, kipo chini bondeni, na kwa miaka mingi barua zao zimepelekwa kwa nyumbu.

Mama akatuuliza kwa Kiswahili, "Toka 1882 mpaka 1975 ni miaka mingapi?" Tukahesabu: 93. Akanyamaza mpaka tuliposhuka.

Kwenye gari ndipo aliposema. "Miaka 93. Basi waliorudishiwa si wale walioondolewa. Ni wajukuu na vitukuu. Sasa hao walijuaje ni wapi pa kudai, kama wazee hawakuwatajia?" Halafu akamwita mjukuu wake aliyezaliwa huku, akamwambia achukue daftari. Akaanza kutaja: kijiji chetu, kilima cha nyuma yake, mto wa kwanza tuliouvuka, mto wa pili, mahali tulipolala chini ya mwembe, mahali tulipomzika shangazi. Miaka 27 hakuwahi kututajia msitu ule. Tulikuwa tunasikia kwa mara ya kwanza, na mmoja wetu aliyekuwa anaendesha ilibidi asimamishe gari pembeni.

Daftari lile sasa lina kurasa 11. Mama anaomba mtusaidie: kati yenu kuna tuliopita nao njia ile, na kuna mto mmoja jina lake amelisahau, ule wenye daraja la magogo, kabla ya kufika ziwani. Anayelikumbuka amwambie mwandishi wa jarida hili. Na kabla hajatuletea sisi, awatajie kwanza wajukuu zake.

Ni sisi majirani zenu, wa Phoenix.