Breki kwanza, Baba Shabani

Guta lilifika Lushoto likiwa ndani ya sanduku: chesisi, injini, shokapu, matairi matatu na mfuko wa nati. Maguta mengi ya mizigo huja hivyo kutoka China, yakaunganishwe huku. Baba Shabani, fundi wa kuchomelea, aliona biashara. Aliunge, amuuzie mkulima wa kabichi, faida inunue la pili. Mtaji ulikuwa mkopo wa mkewe kwenye kikoba.

Siku ya tano akaja mteja, fedha mkononi, anataka kushusha mboga Mombo asubuhi ile ile.

Mama Shabani akauliza breki zimejaribiwa wapi.

"Hapo nje, kwenye tambarare."

Tambarare ya Lushoto! Kutoka hapo hadi Mombo ni zaidi ya kilomita 30 za kona, mwamba huku, bonde kule. Gurudumu moja la nyuma likishika na la pili likagoma, mzigo unalivuta guta zima pembeni.

"Deni ni langu, Baba Shabani. Pakia mawe, ushuke mpaka Soni, urudi."

Mteja akanuna, akaondoka na fedha zake. Mgosi akapakia mawe huku akinung'unika. Kwenye kona ya tatu breki ya kushoto haikushika. Nati moja haikukazwa. Akalielekeza guta ukutani mwa mlima, likasimama.

Alirudi jioni akilisukuma pamoja na vijana wawili. Mkewe alimwekea maji ya kuoga, hakusema neno.

Mnunuzi mwingine alipatikana baada ya wiki mbili. Faini ya kuchelewesha rejesho Mama Shabani aliilipa kwa kuuza kuku.