Benchi la mbele

Kibumba ya utoto wangu, huku mashariki mwa Kongo, ilijua pesa. Udongo wake ni wa majivu ya volkano, baridi yake haina mchezo, na mashu (yaani kabichi), viazi na vitunguu hukubali sana. Malori yalipakia kando ya barabara ya Goma kwenda Rutshuru kabla hakujapambazuka, na Jumapili wenye mizigo ile walikaa benchi la mbele kanisani. Hakuna aliyeamuru iwe hivyo. Mhubiri akitaka kuonyesha mtu aliyebarikiwa, alinyoosha mkono tu. Wazee wa kanisa nao walitoka benchi hilohilo. Baada ya ibada palikuwa na mnada wa sadaka, na mfanyabiashara mmoja wa viazi aliwahi kupandisha bei ya yai moja mpaka akina mama wakapiga vigelegele. Sisi watoto tulimwona karibu na malaika.

Nyanya yangu, mama mzaa mama, alikaa nyuma karibu na mlango. Hakwenda shule, ila Mithali alizishika kwa kusikia, na jioni wanawake walimwendea na mambo yao ya nyumbani. Kumpendekeza awe mzee wa kanisa? Hata wazo hilo halikuwepo.

Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walimwagika kwetu, karibu watu 200,000. Kibumba haina mto. Mvua hupotelea kwenye mawe ya volkano, kwa hiyo maji ya kambi ililazimu yaletwe kwa malori. Kipindupindu kiliua watu ovyo. Miti ya hifadhi ya Virunga ikakatwa kwa kuni na makaa. Na katikati ya msiba huo wako wenyeji waliotajirika: waliuza kuni, walinunua mafuta na maturubai ya msaada kwa bei ya kutupa. Kanisani nao wakasogezwa mbele. Nyanya alisema neno moja tu, Jumapili moja tukiwa njiani kurudi: “Wamekuwa wengi pale mbele.” Oktoba 1996 kambi ilishambuliwa ikabaki tupu, na biashara ile ikafa nayo.

Vita vya waasi wa M23 vilitupitia mwaka 2012, tukarudi, tukapanda tena. Novemba 2022 tulikimbia tena, safari hii mpaka kambi ya Kanyaruchinya, karibu na Goma, na huko ndiko mambo yalikogeuka. Pale kila mtu alilala chini ya turubai, juu ya mawe yanayokata viatu. Mfanyabiashara wa viazi alikuwa jirani yetu. Tulisali tumesimama, benchi la mbele lingetoka wapi?

Kesi za mle zilikuwa za vitu vidogo vyenye uchungu mkubwa. Familia mbili ziligombania nafasi ya kibanda, upana wa mkeka mmoja, mpaka panga likatajwa. Wakamwita Nyanya. Alikaa juu ya dumu la njano akakataa kusikiliza madai ya mtu yeyote juu ya haki yake mwenyewe. Kila mmoja alitakiwa aeleze madai ya mwenzake, mpaka mwenzake akiri kwamba yameelezwa sawasawa. Ilichukua mchana mzima. Walipomletea unga wa kumshukuru, aliurudisha. Mwaka uliofuata, kanisa lilipohitaji wazee wapya, aliyelitaja jina lake kwanza ni yule mzee wa viazi.

Sipendi mahubiri yanayosifu umaskini. Mkulima ambaye mashu yake yameoza kwa sababu barabara imefungwa haongezewi hekima na hasara hiyo, na kambini nimewaona maskini wakiuza majina ya wenzao kwenye orodha za chakula. Nyanya mwenyewe hupenda bei nzuri kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Tulirudi Kibumba mwaka 2025, Goma ikiwa imeshaangukia mikononi mwa M23. Juni 15 mwaka huo, Roma, Floribert Bwana Chui alitangazwa mwenye heri. Sisi si Wakatoliki, lakini mtoto wa Goma ni wetu. Alikuwa mtumishi wa ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, mwanajumuiya wa Sant’Egidio aliyewahangaikia maibobo, watoto wa mitaani wa mjini. Mwaka 2007, akiwa na miaka 26, alikataa hongo ili mchele ulioharibika usipite mpakani, akatekwa na kuuawa.

Mjomba wangu hajaridhika na habari hiyo hadi leo. Anasema kijana yule angezichukua hela, angekuwa hai, na maibobo wangapi wangekuwa wamesomeshwa kwa mshahara wake? Si swali la kijinga, na huliuliza kwa sauti mbele ya wageni. Nyanya humwacha amalize. Halafu humuuliza kama mchele ule angeupika nyumbani kwake.