Kwa Kauli Moja

Tulikuwa tisa siku ile. Nakumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyehesabu, na kwa sababu kwenye kumbukumbu za kikao sikuandika tisa. Niliandika: "Wanachama 43 waliamua kwa kauli moja." Kalamu ya buluu, mwandiko wangu kabisa, na mkono haukutetemeka hata kidogo.

Kikundi kilikuwa cha wasichana wa kampasi yetu, Bungoma. Wenzetu Marekani wana jumuiya za wasichana wa chuo zenye herufi za Kigiriki, kama ile Alpha Kappa Alpha iliyoanzia Howard mwaka 1908, na nyingine zina nyumba zake na nyimbo zake. Sisi tulikuwa na daftari, laini moja ya M-Pesa, na chumba cha mihadhara tulichopewa Alhamisi jioni kama hakuna mwingine anayekitaka. Lakini mpango ulifanana: sisi ni tawi, Nairobi kuna shirika mama, na ukijiunga unaambiwa hawa sasa ni dada zako.

Kila muhula tulitoa mia tatu. Mia moja ilikwenda Nairobi, mia mbili zilibaki kwenye mfuko wa dharura. Ukifiwa, unapata nauli. Mwenye nyumba akikufungia mlango, unapata pa kuanzia. Nairobi nao walitupa nini? Vyeti, mara moja, changu kikiwa na jina lililokosewa. Tuliwaandikia barua tatu, kimya.

Kisha likaja shirika lingine. Hawa walikuja wenyewe, na gari, na tishati za zambarau, na semina Kisumu ya siku mbili yenye nauli na chakula. Manze, kuna watu hawajawahi kulala hotelini. Mimi nilikuwa mmoja wao. Sharti lao lilikuwa dogo tu: tuje wote, na orodha yetu ya majina, na ukurasa wetu wa mtandaoni wenye wafuasi wake. Hawakutaka kuanza upya. Walitaka tawi lililokwisha kukomaa.

Alhamisi hiyo mvua ilinyesha kama inavyonyesha Bungoma, bila kuomba ruhusa. Kati ya sisi tisa, sita waliinua mkono, wawili wakakataa, mmoja alikuwa kwenye simu. Katiba yetu ilitaka nusu ya wanachama ndipo akidi itimie. Mwenyekiti akaniangalia, akasema, "Katibu, andika vizuri." Nikaandika vizuri.

Sitasema kuhama ni dhambi. Shirika mama si mama, na asiyejibu barua zako hana haki ya kukulilia ukiondoka. Nimeona pia kwamba wanaohubiri uaminifu sana huwa ni wale wanaokusanya ile mia moja. Kinachonisumbua ni kilichobebwa njiani.

Maana mambo haya hayakuanza na sisi. Mwaka 1980 Wangari Maathai alichaguliwa kuongoza Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, mwavuli wa vikundi vya wanawake. Maendeleo ya Wanawake, shirika kubwa kuliko yote chini ya mwavuli huo, likajiondoa. Maathai ameeleza katika kitabu chake Unbowed, cha 2006, jinsi baraza lilivyobaki karibu bila pesa. Huwa nawaza wanawake wa vijijini ambao majina yao ndiyo yaliyolifanya Maendeleo kuwa kubwa. Nani aliwauliza? Miaka saba baadaye, 1987, Maendeleo yenyewe ikaunganishwa na KANU, na haikujitenga nayo mpaka vyama vingi viliporudi mwishoni mwa 1991.

Kukhu wangu alikuwa kwenye kikundi cha kuku, upande wa Misikhu. Nilipomuuliza habari za 1987 alicheka, akaendelea kuchambua maharagwe. "Mwana wanje, tulilala Maendeleo, tukaamka KANU. Kuku walikuwa wale wale." Nikamuuliza kama walipiga kura. Akaniangalia kama mtu anayejiuliza chuo kilinifundisha nini.

Sasa, kuku wetu sisi ilikuwa ule mfuko. Shilingi 17,600. Tuliondoka nao. Sehemu kubwa ilichapisha bango jipya la zambarau, iliyobaki ikanunua soda na keki za uzinduzi. Nilikula keki mbili.

Wiki tatu baada ya uzinduzi, msichana mmoja wa kutoka Mlima Elgon aliniandikia. Alikuwa ameahirisha masomo kwa ajili ya karo, na alikuwa ametoa zile mia mbili kwa mihula minne bila kukosa. Aliomba elfu tatu za dharura. Nikapeleka ombi kwa mwenyekiti, jibu likarudi, na mimi ndiye niliyelipigia chapa kwa vidole hivi: "Mpendwa, mfuko huo ulikuwa wa kikundi cha zamani ambacho hakipo tena. Karibu ujisajili upya." Nikaweka na kile kikatuni cha moyo. Wa zambarau.

Hakubishana. Alijibu, "Lakini mimi sikuhama."

Mwaka uliofuata salio langu la karo lilifika mahali ambapo hata ofisi ya fedha iliacha kunitumia ujumbe. Nikarudi Kitale. Baada ya miezi miwili kundi la WhatsApp lilinitoa, nadhani walikuwa wanasafisha orodha wabaki "wanachama hai" tu. Najua unachotaka kusema. Sikulia, na sidhani inalingana na yake, maana mimi angalau nilikula keki.

Nilichotoka nacho ni lile daftari. Hakuna aliyeliulizia. Mwezi uliopita, nikitafuta cheti changu cha kidato cha nne, nililikuta chini ya sanduku la Mama. Nilifungua ule ukurasa, nikakata 43, nikaandika juu yake: 9, sita kwa wawili, akidi haikutimia. Nikatia sahihi na tarehe ya leo. Nikapiga picha, nikamtumia yule msichana, na chini yake nikaandika kwamba maneno yale yalikuwa yangu na yalikuwa uongo.

Siku mbili, tiki za buluu tu. Siku ya tatu nilikuwa ndani ya matatu kwenda kumwona Kukhu, tumesimama Kamukuywa, wauza ndizi wamejaa madirishani, simu ikatetemeka.

"Asante dada. Na pesa?"

Kwenye M-Pesa nilikuwa na mia sita na arobaini, na kondakta alikuwa ameanza kukusanya nauli.