Faili Moja Linatosha

Kuna ugonjwa umetuvamia sisi vijana tunaojaribu kuandika, na hata ukienda Muhimbili hawana dawa yake. Ni ugonjwa wa kutayarisha kuandika. Mtu anapata wazo la hadithi Jumatatu. Jumanne anatafuta programu ya kuliandikia. Jumatano anatazama video ya bwana mmoja wa Marekani, mwenye meza safi kama ya daktari, anayeeleza namna ya kupanga mawazo kwa rangi saba. Alhamisi anapanga rangi. Ijumaa wazo limeshajiendea zake. Jamani, si ndivyo? Nawajua wa namna hiyo wengi tu, na kila mmoja ana simu iliyojaa madaftari matupu yenye majina mazuri.

Mimi naleta hoja yangu, mkitaka mnizomee. Mwandishi wa mjini hahitaji chombo chenye akili. Akili alete mwenyewe. Anahitaji mahali pa kuweka maneno, panapofunguka upesi, pasipodai mtandao, na ambapo siku akitaka kuhama anahama na maneno yake yote bila kumpigia mtu magoti. Mahali hapo kwangu ni faili la maandishi matupu, lile ambalo jina lake huishia na nukta na herufi tatu: txt. Halina rangi, halina herufi nene, halina picha. Ukilifungua unakuta maneno.

Tuanze na upesi, maana ndio unaotuua. Sentensi nzuri haikufuati mezani. Inakukuta kwenye daladala ya Gongo la Mboto, umesimama, mkono mmoja umeshika bomba, konda anapiga kelele eti nyuma kuna nafasi, na huko nyuma hakuna hata pa kuweka pumzi. Hapo ndipo mama mmoja anamwambia mwenzake, "Mwanangu yule amekuwa fundi wa kuomba msamaha." Umesikia? Hadithi nzima hiyo imepita mbele yako bila nauli. Una kituo kimoja tu cha kuidaka kabla honi na miziki haijaifuta. Sasa unafungua ile programu ya rangi saba. Inasema kuna toleo jipya. Inasema ingiza neno la siri. Inasema hakuna mtandao, na kweli hakuna, bando liliisha jana usiku. Mama ameshashuka Tazara.

Wengi wetu tumekimbilia WhatsApp, nami siwalaumu, maana ndiyo iliyo wazi muda wote. Kabla ya Novemba 2022, ile nafasi ya kujiandikia mwenyewe ilipokuwa haijaletwa, watu walikuwa wanaunda kikundi cha watu wawili kisha wanamtoa yule wa pili, wanabaki wenyewe kama mwenyekiti wa chama kisicho na wanachama. Lakini mlango wa WhatsApp ni mlango wa sokoni. Unaingia kuweka sentensi yako moja, unakutana na meseji 43 za kamati ya harusi, mchango wako haujafika, na mweka hazina ameandika jina lako kwa herufi kubwa. Ukitoka hapo, sentensi imekufa. Ila kuna jambo moja dogo la kuchekesha: ukiamuru WhatsApp ikutolee mazungumzo yako nje, kinachotoka ni faili la txt. Hata wakubwa wenyewe, wakitaka kukukabidhi maneno yako mkononi, hurudi kwenye lile lile.

Nieleze kwa nini jambo hili nalivalia njuga. Mwaka 2021 bibi yangu mzaa mama alilazwa, huko mkoani Tanga. Bibi alikuwa mtu wa maneno. Mvua ikinyesha ghafla angesema, "Hii haina adabu, imeingia bila hodi." Mtoto mkaidi alimwita "mzee wa baraza". Nilikuwa nayaokota tangu nikiwa sekondari. Kwanza niliyaweka kwenye simu ya kitochi, kama meseji ambazo hazitumwi, na kila meseji ina nafasi ya herufi 160, basi unajifunza kubana maneno upende usipende. Baadaye yote nikayahamishia kwenye faili moja kwa kuyapiga upya, jioni mbili tu, kazi ikaisha.

Usiku ule tulikuwa watatu wodini. Shangazi alimvuta bibi shuka hadi kidevuni, kisha juu kidogo, kwa sababu ya mbu. Bibi akasema, bila kufumbua macho, "Msinifunike uso, bado nawasikiliza." Nikatoka ukumbini. Simu ilikuwa na chaji asilimia 4, bando sifuri. Nilifungua faili, nikaandika tarehe, saa 3:40 usiku, na maneno matano, ukihesabu na lake la mwisho alilolitaja baadaye, jina la mdogo wake aliyefariki zamani. Simu ikazima. Asubuhi nilipoichomeka kwenye umeme wa jirani wa hospitali, maneno yalikuwepo. Bibi alituaga siku mbili baadaye.

Sijayatumia popote maneno yale hadi leo ninapoyaandika hapa. Lakini huwa najiuliza: kama simu ingenitaka kwanza nithibitishe kwamba mimi ni mimi?

Basi linganisha na mshikaji wangu mmoja wa Temeke, mshairi, tena mshairi kweli, si wale wa kupanga vina tu. Alikuwa na mashairi karibu 300 ndani ya aplikesheni moja ambayo jina lake nalihifadhi. Siku moja bodaboda ikapita, simu ikaenda nayo. Alirudisha laini siku ya pili, akanunua simu nyingine, akaipakua ile aplikesheni. Ikamwomba barua pepe na neno la siri. Sasa hapo ndipo penye msiba. Barua pepe yake alifunguliwa na kijana wa dukani siku aliponunua simu ya kwanza, kama tunavyofunguliwa wengi wetu: "Braza, nikuwekee na imeili kabisa?" Neno la siri alilijua yule kijana, na yule kijana alishaacha kazi, hajulikani aliko. Mashairi yapo, mshairi yupo, kati yao kuna mlango ambao funguo yake iko mfukoni mwa mtu asiyejua kama anayo. Mshikaji alikaa wiki nzima akijisomea kwa kichwa. Yalirudi 11.

Si yeye peke yake duniani, wala si lazima mwizi apite. Programu nazo hufa, au hubadili masharti. Google walikuwa na daftari lao la mtandaoni, Google Notebook, lililoanza 2006. Mwaka 2009 waliacha kuliendeleza, na 2012 likafungwa, yaliyokuwemo yakahamishiwa kwenye nyaraka zao nyingine. Evernote, ambayo miaka ya 2010 kila mpenda mpangilio aliisifia, Desemba 2023 iliwawekea watumiaji wa bure kikomo: maandiko 50, daftari moja. Mwenye nyumba ana haki ya kupandisha kodi, sikatai. Mimi nasema tu kwamba mpangaji mwenye busara havijengi vitu vyake ndani ya ukuta wa mwenye nyumba.

Fikiria Utendi wa Tambuka. Ulitungwa Pate, na mwaka unaotajwa ni 1728, kwa hati za Kiarabu. Umetufikia kwa sababu kila aliyejua zile hati aliweza kuusoma, na kila aliyeweza kuusoma aliweza kuunakili. Hakuna aliyehitaji ruhusa ya mtengeneza wino.

Maandishi matupu yanafanana na hayo. Mpango wa alama uitwao ASCII ulitolewa Marekani mwaka 1963, herufi ndogo zikawekwa sawa 1967. Jumla ni alama 128. Mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike wakabuni UTF-8, ambayo huchukua hati za dunia nzima, za Kiarabu zikiwemo, na wakaipanga hivi kwamba faili la zamani la ASCII linasomeka humo bila kuguswa. Na sisi Waswahili wa leo tuna bahati ambayo hatujaisherehekea: Kiswahili chetu cha hati za Kirumi kinaenea chote ndani ya zile alama 128. Hatuna vikofia juu ya herufi wala mikia chini yake. Mfaransa hawezi kusema hivyo.

Ng' ndiyo yenye vituko. Kile kialama cha ng'ombe na ng'ambo kina sura mbili kwenye kompyuta: kilichonyooka na kilichopinda. Baadhi ya programu za kisasa, na baadhi ya simu, hukipinda zenyewe kwa kudhani zinakupendezeshea kazi. Matokeo yake umeandika ng'ombe kwenye simu, unamtafuta kwenye kompyuta, unaambiwa hayupo, na yuko pale pale anakutazama. Ingia kwenye mipangilio uzime upindaji huo. Ukiwa mle mle, zima na lile sahihisho la lugha ya Kiingereza, ambalo kwangu liligeuza kila "hata" kuwa kofia, na kila "wali" ukaanza kutembea.

Halafu kuna utafutaji wenyewe, ambao hawa watengenezaji wa ng'ambo hawakutuwazia. Kiingereza mzizi wa neno huwa mbele. Baadhi ya programu hutafuta kuanzia mwanzo wa neno, basi kwao inatosha. Kwetu mzizi uko katikati, umezingirwa na watoto. Ninaposoma, wamesomeshwa, hajaisoma: ukitafuta kuanzia mbele hukuti kitu. Lakini ile Notepad ya kawaida, isiyo na makuu, inatafuta herufi popote zilipo. Andika "som", wote hao wanatoka. Andika "pend", watakuja wapendanao na aliyempenda. Mapenzi yenyewe yatakuponyoka kwa sababu ya ile z, lakini hiyo ni desturi yake.

Mtaniuliza naweka vipi. Faili ni moja, linaitwa daftari. Kila ninaloingiza huanza na tarehe, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Kazi za kufanya naziandikia neno KAZI mbele, mstari mmoja kazi moja; ikiisha nafuta. Kwenye kompyuta yenye Windows kuna siri ya zamani ambayo wengi hawaijui: ukiandika .LOG kwenye mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa, peke yake, basi kila unapolifungua faili kwa Notepad linajiandikia tarehe na saa lenyewe. Ukitaka saa katikati ya ukurasa, bonyeza F5. Ndio mtambo wangu wote.

Nakala ninazo tatu: simuni, kwenye kompyuta, na kwenye fleshi iliyo ndani ya kopo la majani ya chai nyumbani kwa mama. Miaka sita ya kuokota maneno imefikia kilobaiti 840. Picha moja ya kujipiga ukiwa Coco Beach inazidi hapo mara tatu nne. Zile disketi walizotumia kaka zetu zilibeba megabaiti 1.44, uhai wangu wote wa uandishi ungeingia kwenye moja, na nafasi ingebaki ya kuandika tena nusu yake.

Sisemi kila kitu kingine ni takataka. Google Keep, iliyoanza 2013, ni nzuri kwa orodha ya sokoni. Obsidian ya 2020 naipa heshima yake, kwa kuwa maandiko yako inayaacha kama mafaili ya kawaida ndani ya folda yako mwenyewe. Ikifa kesho, Notepad itayafungua. Swali langu ni moja tu, kwa kila programu inayobisha hodi: nikikufuta leo, nitabaki na nini mkononi? Ikianza kunielekeza kwenye ukurasa wa malipo, nimeshapata jibu.

Na faili lina upungufu wake. Sauti ya bibi halina. Mkao wa yule mama wa kwenye daladala, alivyoubana mkoba wake huku akisema vile, halina, labda niuandike. Tena liko uchi, yeyote atakayeishika simu yangu atalisoma, ndiyo maana maneno ya siri ya benki siyaweki humo, wala majina ya watu ninaowatungia hadithi. Mdogo wangu alishawahi kulisoma lote akadai amejitambua katika sehemu nne. Kwa kweli ni sita.

Mshikaji wa Temeke naye sasa ana lake. Nilikuwa kwake siku analifungua. Aliyaingiza yale 11 kwa mpigo, bila kuinua kichwa. Likaja la 12, alilolikumbuka hadi ubeti wa pili tu. Akaandika beti hizo mbili, akashusha mistari kadhaa mitupu chini yake, akahifadhi.