Kukonda kwa Shangazi, Kukonda kwa Mjomba

Miaka ya 1990, mtu akikonda huku kwetu Liuli hakuulizwa anaumwa nini. Kijiji kilikwisha kujua: ukimwi. Shangazi alikuwa na saratani ya koo la chakula, lakini nani angesadiki? Majirani waliokuja kumpa pole waliishia mlangoni.

Ndani, ugomvi ulikuwa wa chakula. Bibi alipika uji wa ulezi, mchuzi wa mbasa, ugali wa muhogo, na kila kilipokataliwa alifoka: "Kula mwanangu, usipokula utakufa!" Shangazi alimeza huku analia, akatapika, akazidi kukonda.

Mjomba alipopata ugonjwa uleule, lami ya kutoka Mbinga ilikwisha kufika Mbamba Bay. Alipigwa mionzi Ocean Road, Dar es Salaam, akarudi nyumbani. Nesi wa tiba shufaa ndiye aliyetueleza jambo ambalo Bibi hakuelezwa na mtu: saratani huuvuruga mwili mzima, misuli ikaendelea kuyeyuka hata chakula kikiingia, na hamu ya kula hukatwa na ugonjwa wenyewe. Mgonjwa si mkaidi. Kumshindilia uji hakurudishi nyama.

"Kwa hiyo tukae tu tunamtazama, nesi?" Mama mdogo aliuliza kwa hasira.

Nesi akammulika Mjomba mdomoni: utando mweupe, fangasi. Akampa dawa. Mofini ya maji ilituliza maumivu ila ilimfunga choo. Hilo nalo likatibiwa. Daktari akamwandikia deksamethasoni, nasi tukaonywa kwamba hamu inayoletwa nayo hudumu wiki chache, na dawa yenyewe ikitumiwa muda mrefu hudhoofisha misuli. Chakula kikawa laini, kidogo kidogo, anachotaka, saa anayotaka. Mjomba alitaka togwa na supu ya samaki iliyochujwa, tena usiku wa manane!

Kuhusu hamu hiyo ya kula, mwaka 2023 watafiti wa India walitangaza kwamba olanzapini, dawa ya siku nyingi ya magonjwa ya akili, kwa miligramu 2.5 tu kwa siku, iliwaongezea hamu na uzito wagonjwa waliokuwa wakipewa dawa za saratani. Hiyo si dawa ya matajiri. Ningependa iuliziwe pia kwenye hospitali zetu.

Mjomba hakunenepa. Ila alikaa barazani akibishana bei ya kahawa na shemeji zake wa Mbinga, na Mama mdogo, aliyechelewa kuliko wote kukubali, akazoea kuuliza, "Leo unatamani nini, kaka?" Akijibiwa "sitaki kitu," aliketi wakaongea mengine.