Ramani za Nchi Zisizokuwako

Kuchora ramani ya nchi isiyokuwako ni kazi ambayo watu wengi huihesabu katika michezo ya watoto. Husema kwamba dunia iliyopo yatutosha kwa milima na mito, na kwamba mwanafunzi asiyekumbuka mahali ulipo Mto Ewaso Ng'iro hana ruhusa ya kubuni mto mwingine wa kwake. Hoja hii ina uzito wake. Walakini mimi nimechora nchi za namna hiyo kwa siku 31 mfululizo, moja kila siku, na nataka kueleza niliyoyaona ili msomaji aamue mwenyewe kama ni mchezo au si mchezo.

Yapasa kwanza nieleze sharti tulilojiwekea. Mchoraji mmoja wa Marekani, Jake Parker, alianza mwaka 2009 kujilazimisha kuchora kwa wino kila siku katika mwezi wote wa Oktoba, na tangu hapo watu wa nchi nyingi wamemfuata. Wengine huchora wanyama, wengine nyuso, na wengine ramani za nchi za kubuni. Sisi tulikuwa watatu: mzee mmoja aliyestaafu kazi ya upimaji wa ardhi, binti wa ndugu yangu aliyekuwa Kidato cha Tatu, na mimi. Tuliandika maneno 31 juu ya vikaratasi: kisiwa, kivuko, magofu, njaa, soko, mpaka, na mengineyo. Tulivikunja tukavitia katika kopo la majani ya chai. Kila jioni kikaratasi kimoja kilitolewa, na neno lililotoka ndilo lililokuwa amri ya siku ile. Karatasi ilikuwa ukurasa mmoja wa daftari, wino ulikuwa mweusi, na muda ulikuwa nusu saa.

Penseli na raba vilikatazwa. Katazo hili lilituudhi siku za kwanza, kisha likawa ndilo lenye faida kuliko yote. Mstari ukishapigwa kwa wino umekwisha kuwa nchi. Mto ukipinda mahali ambapo mkono haukukusudia, hapana budi kuutafutia sababu ya kupinda: kilima, au mwamba mgumu, au bonde la zamani. Hivyo mchoraji hujikuta anaichunguza nchi yake kana kwamba ameikuta.

Mkono nao hujifunza. Mlima huchorwa kwa mistari miwili inayokutana juu. Upande mmoja huachwa mweupe, na wa pili hutiwa vistari vyembamba vya kivuli. Wachoraji wa ramani wana desturi ya kuliweka jua upande wa kaskazini magharibi, nao wameishika hata huko Ulaya, ambako jua la adhuhuri halisimami upande huo kamwe. Sababu yake imo katika macho yetu wenyewe. Nuru ikitoka chini ya karatasi, milima huonekana kama mashimo, na mabonde kama matuta. Geuza ramani yenye vivuli juu chini nawe utaona.

Lakini kazi iliyo ngumu ni maji. Mtu akipewa ukurasa mtupu aghalabu huchora mito kama matawi ya mti, ikigawanyika kila iendako baharini. Maji hayana tabia hiyo. Mito huungana inapoteremka, mmoja ukaupokea mwingine. Haitawanyiki kwa kawaida ila karibu na mwisho wake, penye nchi tambarare, kama Mto Tana unavyofanya kwenye delta yake. Ziwa nalo halimwagi maji pande nne. Ziwa Victoria, kwa ukubwa wake wote, lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Mto Naili penye mji wa Jinja. Ziwa lisilo na mlango huelekea kuwa na chumvi au magadi, kama Turkana na Magadi. Na ukitaka kulifanya la maji matamu yakupasa uwe na hoja, kama vile Naivasha lilivyo na yake, maana maji yake hupenya chini ya ardhi. Upepo wa mvua nao una upande. Mlima Kenya hupata mvua nyingi kusini mashariki, na nyuma yake, kaskazini magharibi, nchi ni kavu. Hata bandari ina sababu. Matumbawe hayastawi penye maji ya mto yaliyojaa tope, na kwa hiyo mwamba wa pwani yetu hukatika karibu na midomo ya Mto Sabaki na Mto Tana. Sijui kama kuna njia bora ya kuyakumbuka mambo haya kuliko kulazimika kuyatumia jioni, kabla nusu saa haijakwisha.

Siku ya tisa neno lilikuwa "mji". Binti alichora mji mzuri sana juu ya uwanda wa juu, wenye ukuta, minara na malango saba. Mzee aliitazama karatasi kwa utulivu.

"Mjukuu wangu," akasema, "watu wa mji huu wanakunywa nini?"

"Wana visima, babu."

"Viko wapi?"

Hakujibu, bali alichukua kalamu akatia nukta tatu nje ya ukuta, upande wa mashariki. Kisha, baada ya kufikiri, akachora njia kutoka lango la karibu hadi visimani, na ngome ndogo ya kuilinda. Nikamwona anatabasamu. Alikuwa amekwisha kuelewa kwamba mwenye ngome ile ndiye mfalme wa kweli wa mji, hata kama kiti cha enzi kimo ndani ya ukuta. Dakika tano kabla ya hapo mji ule ulikuwa pambo. Sasa ulikuwa na vita vyake, na bei ya mtungi wa maji, na watu waliokuwa na sababu ya kutolala.

Hivyo ndivyo hadithi nyingi zilivyozaliwa. Mwaka 1881, huko Braemar katika Scotland, Robert Louis Stevenson alichora ramani ya kisiwa na kuitia rangi ili kumfurahisha mtoto wake wa kambo. Kutoka katika vilima na ghuba za karatasi ile walitokea wale maharamia ambao wasomaji wa Kiswahili wamewajua katika *Kisiwa chenye Hazina*. Ramani yenyewe ilipotea ilipopelekwa kwa wapiga chapa, na Stevenson akalazimika kuitunga nyingine kwa kupima maneno ya kitabu chake mwenyewe. Kazi hiyo haikumpendeza hata kidogo. Nami namwelewa, kwa kuwa ramani ya kwanza ilikuwa mama wa hadithi, na ya pili ilikuwa mtumishi wake.

Sasa nifike kwenye jambo lililonishughulisha zaidi, nalo ni kwamba ramani huaminiwa. Maneno tunayatilia shaka. Mtu akisema ameona mlima wenye theluji karibu na ikweta tunamwuliza maswali, na ndivyo alivyoulizwa Johannes Rebmann alipotoa habari za Kilimanjaro mwaka 1848. Lakini mstari uliochorwa vizuri huingia akilini pasipo kubisha hodi. Rebmann huyo huyo, aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, alishirikiana na mwenzake Jakob Erhardt katika ramani iliyopigwa chapa Ulaya mwaka 1855 na 1856. Erhardt alikuwa amewauliza wasafiri wa misafara ya biashara. Waliotoka pwani ya kaskazini walisema njia yao huishia kwenye maji makubwa. Wa katikati walisema vivyo hivyo, na wa kusini pia. Basi akayaunganisha maji yote kuwa ziwa moja kubwa mno lenye umbo la koa, yule anayefanana na konokono asiye na nyumba, likajaza moyo wa Afrika ya Mashariki.

Kila msafiri alikuwa amesema kweli. Liko Ziwa Victoria, liko Tanganyika, liko Nyasa. Uongo ulikuwa katika wino uliopita kati yao, mahali ambapo hapana aliyesema neno. Hata hivyo ramani ile iliwastaajabisha wataalamu wa London, na ilikuwa miongoni mwa sababu za safari ya Burton na Speke. Mwaka 1858 wao walifika Tanganyika, kisha Speke peke yake akafika Victoria, na koa akaanza kukatwa vipande. Mara nyingi nimeifikiria ramani hiyo nikiwa nachora nchi zangu. Anayebuni nchi nzima na kusema ameibuni hamdanganyi mtu. Anayejaza pengo dogo katika nchi ya kweli aweza kuwadanganya wengi, na yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

Nilipomwambia mzee maneno haya alicheka, akaomba rula. Akasema, katika ramani yenye kipimo cha 1 kwa 50,000, mstari wa wino wenye upana wa nusu milimita hufunika mita 25 za ardhi. "Katika mita 25," akasema, "ndugu wawili wa tumbo moja waweza kuacha kusalimiana mpaka kufa. Mimi miaka yangu yote ya kazi nimeitumia ndani ya mstari." Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu atajaye kijiji alikozaliwa.

Siku ya 27 kopo lilitoa neno "mpaka". Mzee alichora haraka mstari ulionyooka kutoka baharini hadi ziwani, wenye kupinda mahali pamoja tu, chini ya mlima mrefu. Hakuandika jina lolote, wala halikuhitajika. Ulikuwa mstari waliopatana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, uanziao pwani karibu na Vanga na kuuzunguka Kilimanjaro upande wa kaskazini, ukawaacha Wamasai wako huku na wako kule. Katika mchezo wetu wa nchi za kubuni ile ndiyo ilikuwa nchi ya pekee iliyokuwako, na katika karatasi zote za mwezi ule hapakuwa na mstari ulioonekana kubuniwa zaidi.

Binti alichelewa kumaliza, hata tukamwongezea muda. Nchi yake ilikuwa na falme mbili, kila moja na bendera yake, na mimi nikatafuta mstari kati yao nisiuone. Badala yake alikuwa ameacha ukanda mweupe wenye upana wa kidole, akaandika ndani yake kwa herufi ndogo: malisho ya wote wakati wa kiangazi.

Mzee alivaa miwani, akaisogeza taa. "Na ng'ombe wa hapa," akauliza, "wananyweshwa wapi?"

Aliweka kidole juu ya kidimbwi alichokuwa amekwisha kukichora, kidogo kama punje ya mtama, katikati kabisa ya ukanda.